Nguo Alizishika Nani

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikuwa imerudishwa mara mbili, na msimamizi alishaniambia kwamba ikirudi tena nisahau udaktari. Nilikuwa naandika juu ya kutawazwa kwa malkia wa ukoo wa Tudor. Mwalimu wa historia wa Lushoto na taji la Uingereza wapi na wapi? Watu walishaniuliza sana, nikachoka kujibu.

Likizo ile nilipanda kwa shangazi, dada yake baba, ambaye kijijini kwetu ndiye somo anayewaandaa mabibi harusi. Nilimkuta anachambua mapeasi ya kupeleka sokoni. Nikamwamkia, nikakaa nimsaidie. Alitaka kujua kilichonikondesha, nami nikamweleza juujuu, kwa kile kiburi chetu wasomi: malkia anapiga magoti, askofu anampaka mafuta matakatifu, mpaka kifuani.

"Kifuani?" Akaliacha peasi. "Sasa nguo alizishika nani?"

"Hilo halikuandikwa, shangazi."

"Mwali hajifungui nguo mwenyewe, na huyo mzee kashika mafuta. Pana mwanamke hapo, mwanangu. Mtafute."

Nilicheka. Hata hivyo niliporudi mjini nilizisoma upya nyaraka zangu zote, na katika mojawapo nikakuta mstari niliourukaruka miaka yote: mama mmoja wa chumbani kwa malkia alizifunga tena kamba za gauni lake baada ya kupakwa mafuta. Nikaiandika sura upya, safari hii nikiwafuata wanawake wa namna yake. Ikapita, na msimamizi akaisifia kuliko zote.

Kitabu cha tasnifu kilipojalidiwa nilimpelekea shangazi. Kwenye ukurasa wa shukrani nilikuwa nimemtaja msimamizi, wakutubi, hata mwenye nyumba niliyopanga. Shangazi hayumo. Wala sikumsahau. Niliogopa wakubwa wangeuliza mwanamke wa mapeasi anajua nini, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Alinawa mikono, akaifuta kwenye kanga, akakipokea. Kusoma hajui, seuze Kiingereza.

"Nionyeshe nilipo," akasema.

Nilifungua ukurasa ule, nikaweka kidole kwenye jina la msimamizi wangu. Shangazi akalipapasa kwa kidole chake, akatabasamu. Kisha akaniomba nimtolee kopi, aibandike sebuleni.