Kokwa Nililoliita Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe vya ngozi, nikidhani nakwenda ofisini. Gari ya idara ya mambo ya kale ikatushusha ufukweni, upande wa Hail, penye kilima cha rangi ya majivu ambacho mtu angekipita asikitazame. Mkuu wa Uchimbaji aliviangalia viatu vyangu kwanza, kisha mimi.

"Bibi yako alikufundisha kupepeta mchele?"

"Alinifundisha, Unguja, kabla hatujavuka bahari kuhamia huku."

"Basi kazi unaijua. Tafauti ni kuwa hapa tunapepeta kwa maji. Na vua hivyo viatu, bint, hapa si harusini."

Nyinyi mnaoingia katika kazi hii leo mna mashine. Sisi tulikuwa na pipa. Udongo uliochimbwa tuliumimina majini na kuukoroga kwa mkono. Mawe na makombe yakazama, mkaa na mbegu zilizoungua zikaelea. Tulizikinga kwa kitambaa chembamba, tukazianika kivulini, kisha nikazipekua kwa kibano, chembe moja moja. Kila kifuko kilikuwa na kibandiko, na kila kibandiko kilinakiliwa daftarini: shimo, tabaka, kina, tarehe. Tabaka ni udongo wa zama moja uliolaliwa na wa zama nyingine. La chini ndilo la kale.

Kilima kile kilikuwa jaa. Watu wa kale sana walikuja pale mwaka baada ya mwaka, wakala chaza, samaki na kasa, wakawinda paa bara kidogo, na makombe wakayatupa walipokaa. Hawakulima. Swali la Mkuu lilikuwa moja tu: ilikuwaje watu wa namna hiyo wakaacha kuokota, wakaanza kupanda? Wenzake walitafuta mawe ya kusagia na mifereji. Yeye alitafuta walichokitema.

"Mtu anakula tende za mwituni, anatema kokwa," alituambia. "Anahama na watu wake. Akirudi anakuta kichipukizi jaani pake. Siku atakayokionea huruma akakitilia maji, uwindaji umeanza kumtoka, na hapana wa kumwambia."

Ardhi ile ilikwishapimwa viwanja vya nyumba. Tulipewa misimu miwili.

"Nipatie mbegu moja kutoka chini," Mkuu aliniambia, "nami nitakwenda kusimama mbele ya katapila. Makombe kwao ni taka. Tende wataijua."

Msimu wa kwanza nikaipata. Kokwa la tende, jeusi kwa moto, lilielea mbele ya macho yangu. Nilipiga kigelegele mpaka wachimbaji wakatoka mashimoni. Mkuu aliandika taarifa siku ile ile, na Mkurugenzi wa idara akaja kutoka mjini na kanzu yake iliyopigwa pasi. Tukasimama kulizunguka kokwa kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Ami Saidi, aliyekuwa akitupikia kahawa, akainama juu ya kijisanduku.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hili si letu hili?"

Jiko lake alikuwa akiliweka ukingoni mwa shimo. Kila asubuhi tulikunywa kahawa kwa tende, na makokwa tukayatemea kwenye makaa. Jivu likamwagikia shimoni. Kokwa likapasuliwa, likaonekana ni la juzi.

Mkurugenzi alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi hao watu wenu wa kale, kahawa yao waliitia iliki?"

Kuanzia hapo, kitu chochote cha leo kilichoingia katika udongo wa kale tulikiita kahawa. Kizibo cha chupa, kahawa. Uzi wa nailoni, kahawa. Mkuu hakunikemea. Aliniambia, "Andika kahawa, tuendelee." Bora angenikemea.

Msimu wa pili, wa wiki chache tu, tulifungua shimo jipya, mbali na lile la kwanza. Tukifanya kazi kutoka alfajiri hadi adhuhuri, kisha kila mtu kwao. Chini kabisa tulikuta jiko la watu wa kale lililofunikwa na makombe yaliyoshikana kama sakafu. Nilitia udongo wake pipani, nikakoroga. Likaelea kokwa dogo, jembamba, jeusi.

Nililishika kwa kibano. Masikioni nikakisikia tena kicheko cha Mkurugenzi. Hapakuwa na mtu karibu. Nikaandika kahawa, nikalitupa kwenye ndoo ya taka.

Wiki chache baadaye katapila likaja. Mkuu alisimama kando ya njia, mikono nyuma.

"Hatukupata hata moja?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa, akaingia garini. Alifariki kabla nyumba za pale hazijaezekwa.

Mimi nikahamishiwa ghalani kwa Mtunza Ghala, kisha kwa Mkuu wa Kumbukumbu, kisha kwa wengine walionikuta na kuniacha kwenye kiti kile kile. Sikugusa tena pipa. Siku ya kuniaga kustaafu walimleta Ami Saidi kwa mkongojo. Tukamiminiwa kahawa, tende zikapitishwa, na vijana wakanitania: "Bi Zuwena, temea mbali, utawatia watu kazini!"

Ami Saidi alicheka kwa pengo. "Mimi msimu ule wa pili ndio niliostarehe. Sikuwasha jiko hata siku moja. Dele langu la kahawa lilikaa nyumbani."

"Kwa nini, Ami?" nikamuuliza.

"We mtoto! Umesahau kama tulikuwa tumefunga?"

Nikaweka kikombe chini.

Sasa nnakaa Mabela kwa mwanangu. Siku nyingine hunipitisha Hail, na mbele ya nyumba zile naiona mitende iliyoletwa na malori, imesimama kwa miti ya kuegemezea. Labda kokwa lile lilikuwa la mwitu, labda la mkulima wa kwanza, labda panya alilishusha. Lingepimwa, tungejua. Wapo watakaokwambieni kosa hufundisha. Langu la kwanza lilinifundisha la pili.

Daftari nnalo bado. Msitari wenyewe unasomeka vizuri, mwandiko wangu ulikuwa mzuri: shimo la pili, tabaka la chini, chini ya jiko, kokwa moja, kahawa. Na mbele yake, kwa wino ule ule, tarehe niliyoiandika kwa mkono wangu, nna kiu, midomo imenikauka: kumi na tisa Ramadhani.