Dereva wa Pili

Sheria inasema basi la safari ndefu liwe na madereva wawili, ili mmoja akichoka mwenzake ashike usukani. Sheria nzuri sana. Kwa sheria hiyo Spea alikula, alivaa, akaoa na akapata mtoto, na hakuwahi kuendesha basi hata siku moja.

Jina la Spea alipewa stendi, na walimpendelea. Tairi la spea ukilishusha chini linazunguka. Huyu hata ungemsukuma asingezunguka. Zamani alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mtu wa tumbo la kiasi, uso wa kazi, na mashati yaliyonyooka mpaka unaogopa kumpa mkono. Siku tajiri wa mabasi alipopeleka suti yake, alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu ana sura ya dereva." Leseni ikatafutwa na mjomba wa tajiri, mwenye watu wake huko zinakotoka. Mtihani wa barabarani Spea aliufanyia kwenye benchi la nje, anakunywa soda, akafaulu kuliko walioendesha.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kiti cha mbele, shati jeupe, tai nyeusi, kadi kifuani. Kwenye kizuizi askari akiuliza dereva wa pili yuko wapi, Spea anainua mkono. Askari anaridhika, maana hakuuliza ili ajue, aliuliza ili awe ameuliza. Basi likipita, Spea analegeza tai na kuuchapa usingizi. Na mtu asiniambie askari hawakujua. Walijua. Konda alijua, tajiri alijua, mpaka wauza maji wa dirishani walijua. Abiria ndio hawakujua, nao hawakuuliza, kwa sababu mtu anayewahi sikukuu haulizi jambo ambalo jibu lake litamchelewesha. Methali ya haraka haina baraka wote tunaijua, na wote tunaiacha nyumbani siku ya safari.

Mwingine asiyejua alikuwa mkewe. Huyu alikuwa binti wa seremala mmoja mpenda sifa, ambaye mteja akija kuulizia kitanda anaambiwa kwanza habari za mkwe. "Binti yangu yuko kwa dereva wa basi kubwa, si vigari vyenu hivi." Spea akirudi safari alilalamika mgongo, na mke akamkanda kwa maji ya moto, bwana kalala chali safari nzima. Akiulizwa habari za njia, alisema kile kipande cha milimani kinataka mtu mzima. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu walimwekea lami.

Sikukuu iliyomwumbua, mke alisema lazima wasafiri pamoja, babu amwone mjukuu. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Spea alitafuta sababu ya kukataa, akazikosa zote. Angesema nini? Kwamba basi lake si salama? Ndipo akawapandisha, kiti cha nyuma yake tu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakusinzia.

Ni hapo alipomtazama dereva wa kwanza kwa macho ya mtu mwenye mtoto ndani. Dereva huyo waliyemwita Kishindo alikuwa mzuri kweli kwenye usukani, hilo nampa. Lakini tangu msimu uanze hakuwa amelala kitandani. Alikuwa akishusha abiria na kupakia wengine, analala kidogo juu ya mizigo, anaamshwa kwa honi. Alipomwomba tajiri apumzike, alijibiwa sikukuu ni mara moja kwa mwaka, usingizi upo kila siku. Sasa kichwa chake kilikuwa kinashuka taratibu, kinashtuka, kinashuka tena.

"Kaka," Spea alinong'ona, "tusimame kidogo unawe uso."

"Umechoka kukaa?" Kishindo akamjibu. "Niache."

Basi likaegemea kushoto, magurudumu yakakwangua kokoto, likarudi barabarani. Ungedhani abiria watapiga kelele za woga. Walipiga kelele, ndiyo. "Dereva, kanyaga! Saa hizi wenzetu washafika!"

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi askari mpya, mwanamke aliyehamishiwa hapo juzijuzi na ambaye bado hajafundishwa kutoona. Alipanda mpaka mlangoni, akamtazama Kishindo machoni, macho mekundu kama ya mchoma mkaa.

"Wewe shuka kwenye usukani. Umechoka. Dereva wa pili nani?"

Mkono wa Spea ulishajizoelea, ukapanda wenyewe.

"Haya, mwenzako apumzike. Endesha wewe."

Konda akamsogelea Spea sikioni. "Kaa tu hapo, washa, jikongoje mpaka kwenye kona. Tukipita kona mnabadilishana. Usituharibie."

Spea akakaa. Kiti kilikuwa bado cha moto wa yule mwingine. Akashika usukani, mkubwa kuliko alivyodhani, akatazama chini na kukuta mahali pa kukanyaga ni pengi kuliko miguu yake. Akainua macho kwenye kioo cha ndani. Mkewe alikuwa amesimama, amemwinua mtoto juu ya vichwa vya watu, anamwonyesha mbele kwa kidole. "Ona! Ona baba anaendesha!"

Nimeshamsema sana mtu huyu, na bado sijamaliza, lakini hapa nitasema haki yake. Aliachia usukani.

"Afande, mimi sijui kuendesha."

"Nini?"

"Sijui. Sijawahi. Mimi ni mpiga pasi."

Abiria wakatazamana. Mzee mmoja mwenye kofia akauliza kwa sauti, "Sasa siku zote umekaa hapo mbele kama nani, bibi harusi?" Watu wakacheka, na walipomaliza kucheka wakakasirika. Wakamtukana Spea, wakamtukana mama yake, wakahamia kwa askari. Afande aliposema basi haliondoki mpaka aje dereva mwingine, waliteremka wote wakamzunguka. Kwa nini awaonee wao? Mbona mabasi mengine yanapita? Ana ugonjwa gani na watu wanaokwenda kwao?

Ndipo yule mzee wa kofia akatoa hoja yake, na ninairudia jinsi alivyoisema: "Kati ya anayesinzia na asiyejua, bora anayesinzia. Turudishieni dereva wetu!"

Wakaitikia wote. Wenye watoto mgongoni waliitikia. Kishindo mwenyewe, aliyekuwa ameegemea ubavu wa basi macho yamefumba, akafumbua moja.

Simu ya afande ikalia. Alisikiliza akiwa wima, akisema tu "Ndiyo mkuu, ndiyo mkuu," kisha akaitia mfukoni na kutazama lami. Tajiri alikuwa na simu pia, na mjomba. "Nendeni," alisema. "Mwendo wa pole." Wakampigia makofi, na wakakimbilia viti.

Spea aliingia mara moja tu, akaenda kwenye kiti cha mkewe na kuchukua begi. "Mama mtoto, shukeni."

"Unishushe porini? Baba ananisubiri."

"Amelala yule dereva. Hata sasa hivi amelala. Shuka, nakuomba."

"Mshushe na uongo wako!" mtu akadakia. Mke alimtazama mumewe, akamtazama Kishindo anayepanda kwa kujivuta, akamwona anashindwa kuiona ngazi, anaitafuta kwa mkono. Akashuka. Alipokanyaga chini alimpa mtoto baba yake, akampiga mume kofi moja la nguvu zote, akamchukua tena mtoto wake. Madirisha yote yalishangilia, na basi likaondoka.

Walikaa juu ya jiwe kando ya kizuizi. Mke alipoanza kusema hakunyamaza. "Nilikuwa nakukanda mgongo. Mimi! Nimetoka kufua, mgongo wangu unakatika, nakanda wa kwako." Spea alikubali kila neno, na angekuwa na haya angetafuta mengine ya kujiongezea. Afande aliwaletea maji bila kuwatazama.

Jua likielekea kuzama konda alipiga simu. Sauti yake ilisikika mpaka kwa mke. "Tumefika salama, mshamba wewe! Watu wanakucheka huku. Tajiri anasema uirudishe kadi, na usikanyage stendi." Nyuma yake walikuwa wanacheka kweli.

"Wamefika," Spea alisema.

"Nimesikia. Kwa hiyo na sisi tungefika."

"Tungefika."

"Na safari zako zote zile. Ulikuwa unafika hivihivi?"

"Hivihivi."

Mke alimvuta mtoto karibu, akamfunika kichwa ingawa hakukuwa na baridi.

Basi jingine likasimama. Afande hakupanda tena mlangoni. Aliuliza akiwa chini, kalamu mkononi, na shati jeupe likainua mkono kwenye kiti cha mbele. Konda akapiga ubavu wa basi: nafasi zipo, twende, twende! Mke akainuka, akaweka mguu kwenye ngazi, kisha akageuka.

"Huyu anajua?"

Mwenye shati alikuwa amemtambua Spea. Walikuwa wamekula sahani moja stendi mara nyingi, na sasa alikuwa akimtikisia kichwa polepole, kumwomba.

"Hajui," Spea alisema. "Huyo ni kinyozi."

Wakazomewa. Mke akaondoa mguu. Basi la baada ya hilo lilikuwa jipya, na hata taa zake zote ziliwaka.

"Na huyu?"

"Alikuwa anauza miwani."

Likaja jingine, na jingine, yamejaa watu wenye nguo mpya na hamu ya kufika. Kila lililosimama mke aliinuka na mtoto, akauliza, akajibiwa, akarudi kukaa. Babu alipiga simu kuuliza wamefika wapi, wakamwambia wako njiani. Sikukuu iliwakuta juu ya jiwe lile, mabasi yote yamepita, na hakuna hata moja walilopanda.