Herufi za Nta

Niseme jambo hili mapema, nisije nikalizunguka: yule mtoto hakuijua herufi K, na mimi nilijua kwamba haijui.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina cheti cha ualimu. Kufundisha nilijifunza mwenyewe, kwenye kiongozi cha mwalimu kisicho na jalada, nilichokisoma mpaka kurasa zikaachana. Darasa langu lilikuwa la watoto tisa, tawi la shule iliyokuwa mbali, kule ng'ambo ya Magamba. Mkaguzi alikuwa anakuja kutoka Mpanda mjini kuamua kama tawi libaki au watoto wahamie shule kubwa. Ni kilomita nane kwenda. Mtoto wa miaka saba angeenda wiki moja, kisha angebaki nyumbani.

Chaki zilikuwa zimekwisha. Wanane kati ya wale watoto walitoka nyumba za warina asali, nikapata wazo la kutengeneza herufi za nta, wazishike na kuzifuata kwa kidole. Nilichora mifereji kwenye udongo mbichi, nikamimina nta iliyoyeyushwa. S niliirudia mara tano. Mama mwenye nyumba yangu, aliyenipa ile nta, alizinusa akakunja uso.

"Bado ina asali hii. Chemsha tena, uchuje."

"Mama, nimeshazimaliza. Tazama zilivyonyooka!"

"Haya. Nyuki hawatazami kunyooka."

Mkaguzi alikuwa anafika kesho yake. Nikaziosha kwa maji, basi.

Kosa la pili ni baya zaidi. Wa tisa alikuwa msichana wa wafugaji Wasukuma, waliofika na ng'ombe wao mwezi mmoja kabla. Hakujua herufi hata moja. Jioni ile nikawa nazipanga kwenye ungo kwa mpangilio uleule kila mara, na nikamzoeza: ukisikia K, nyoosha mkono kwenye ukingo wa ungo, upande wa mlango.

Mkaguzi aliingia, akaitikia shikamoo zao, akatazama ungo kwa muda. Kisha akaumwaga wote mkekani, katikati ya miguu ya watoto.

"Tuone, bwana mwalimu, kama wanajua herufi au wanajua mahali."

 Kabla sijafungua mdomo, nyuki wa kwanza alitua juu ya A. Kilikuwa kiangazi, maua hakuna. Wakaja watatu, wakaja kumi, kisha sikuweza tena kuwahesabu. Mkaguzi alianza kupunga faili lake.

"Mzee, usipunge," mtoto mmoja alimwambia polepole. "Wanakula tu. Ukimbana ndiyo anauma."

"Na nyie ndio wakaguzi wangu leo?" alisema, lakini faili lilishuka.

Watoto wanane walikuwa wametulia kama walivyofundishwa kwao. Wa tisa aliwatazama, naye akatulia. Nilikuwa na sufuria ileile ya kuyeyushia nta, yenye mfuniko. Zile herufi zisizo na nyuki zikiingia humo, wasingeongezeka. Lakini kunyoosha kidole huku na huku sikuthubutu. Nilibaki na sauti tu.

"Mwenye M karibu yake," nikanong'ona. "M. Usiguse A."

Mkono mdogo ukasogea, ukaichukua M, ukaitia sufuriani.

"T. Iko nyuma ya goti lako."

Ikaja T. Ikaja S yangu nzuri. Wengine waliulizana kwa macho, lakini hawakukosea. Mkaguzi hakuandika kitu. Alikuwa anafuata kila mkono kwa macho.

Kwa zisizo na nyuki, ikabaki K peke yake, na ilikuwa mbele ya yule msichana. Kando yake palikuwa na H, na chini ya ukingo wa H nyuki mmoja alikuwa amejificha. Ningeweza kumwambia mwingine. Ila mkaguzi alikuwa anatazama, na nilitaka waonekane tisa.

"K," nikasema.

Aligeuza macho kutafuta ule ukingo wa ungo. Ungo ulikuwa mtupu. Akaichukua H.

Nilimwona anashtuka. Hakulia. Aliitia H sufuriani kama wenzake, kisha akakifumbata kidole chake.

Baadaye tuliukunja mkeka polepole na kuuburuta nje pamoja na nyuki wake. Mkaguzi alisimama mlangoni, akavaa kofia.

"Wanane wanazijua, bwana mwalimu. Huyu umemfundisha pa kunyoosha mkono."

"Ndiyo, mzee."

"Tawi libaki mpaka masika yaishe. Nikirudi, nitaanza na yeye. Asipojua, nalifunga."

Nilipiga magoti mbele ya msichana, nikaukwangua mwiba kwa ukucha. Kidole kilikuwa kimevimba. Nilitaka kumwomba radhi, sikujua nianzie wapi na mtoto wa miaka saba.

"Mwalimu," akasema, "iliyoniuma inaitwa nani?"

"H."

Akafunua sufuria, akaitazama H mpaka akatosheka.

"Sasa nionyeshe K."