Tundu Alilolikandika Mama

Nina hasira za karibu, sikatai. Mwaka huu nilipigana na boila la gesi karibu mwezi mzima.

Nyumba ninayopanga hapa kijijini Daudi ilijengwa na wageni waliopenda kuoga maji ya moto. Walipoondoka waliacha boila lao kuukuu kwenye kichumba nyuma ya jiko. Ndani yake kuna kimoto kidogo cha bluu kinachotakiwa kuwaka usiku na mchana. Ukifungua bomba, hicho ndicho kinachowasha moto mkubwa. Kikizimika, umekwisha, na baridi ya huku mwezi wa saba siyo ya kutania.

Ningekuwa peke yangu ningevumilia. Lakini nilikuwa nimemleta mama kutoka kijijini kwetu Tumati, baada ya kuanguka na mzigo wa kuni mgongoni akalala njiani hadi jirani alipopita. Baridi yabisi imemkunja vidole. Asubuhi, kabla hajaloweka mikono kwenye maji ya moto, hawezi hata kufunga kitenge. Alikubali kuja kwa ajili hiyo tu, au ndivyo alivyosema.

"Nimefuata maji, mwanangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mimi jembe silishiki tena."

Wiki ya pili kimoto kikaanza kuzimika. Nikakiwasha, kikazimika. Nilipiga lile boila teke, likaniumiza kidole. Na kila nilipochemsha maji kwa sufuria, mama alisema vilevile: "Usihangaike. Nitarudi tu kwangu." Maneno hayo yalinichoma. Kule angekuwa peke yake na kuni zake, na safari nyingine huenda jirani asipite.

Nikaita fundi. Alifungua, akapuliza vumbi, akasugua, akabadilisha kipande kimoja. Kimoto kikasimama vizuri. Alikuwa amefanya kazi mlango wa kile kichumba ukiwa wazi, jambo ambalo sikulitilia maanani. Alipoondoka tukafunga mlango, na kufikia jioni kikafa. Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo mwalimu kama mimi hatakiwi kuyasema.

Jumamosi asubuhi kikazimika tena. Nikazunguka nyuma ya nyumba kuangalia mtungi wa gesi, nikakuta tundu la hewa la kile kichumba halipo. Lilikuwa limekandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, likalainishwa kwa mkono kama tulivyokandika nyumba yetu nilipokuwa mdogo. Fundi angedhani ni ukuta tu. Mimi niliziona alama za vidole vilivyopinda.

Niliingia ndani mbio. Mama alikuwa amekaa kitandani. Sikumwamkia. Tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kumfikia mama asubuhi nikaanza na neno lingine kabla ya shikamoo.

"Mama, unataka kutuua? Moto bila hewa haukai! Na hewa yake mbaya inaua watu wakiwa wamelala."

Aliiangalia mikono yake.

"Upepo ulikuwa unaingia pale," alisema taratibu. "Nilidhani ndio unaokizima. Nyumbani upepo ukisumbua jiko, si tunaziba? Nilitaka kisizimike, nikae."

"Ukae? Si kila siku unasema unarudi kwako?"

"Nilisema mimi kabla hujasema wewe." Akavuta shuka mabegani. "Hata nikazoea kusema. Sasa niambie ukweli, mwanangu. Hicho kimoto kikikataa kabisa, nitabaki?"

Nilinywea. Mwezi mzima nilikuwa nikidhani mama hapendi kukaa na mimi, kumbe yeye alikuwa akitoka nje na ndoo ya samadi, na vidole vile, kuhakikisha haondoki. Aibu ilinijaa hadi machoni. Nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa anasubiri jibu.

"Utabaki," nikasema. "Hata kama nitachemsha kwa sufuria maisha yangu yote, utabaki. Mimi ndiye ninayeogopa ukiondoka."

Aliniwekea mkono kichwani.

"Marahaba," akasema.