Vitambaa Vyeupe vya Meza ya Bwana

Damu niliyotapika iliingia kwenye beseni la vitambaa vya meza ya Bwana, na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba vitambaa havitatakata tena. Sikuwaza watoto. Sikuwaza kufa. Nilikuwa nimesimama ziwani, maji magotini, Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda, na nilichokiona ni doa.

Idara ya akina mama ya kanisa letu imeniomba niandike ushuhuda wa kutia moyo, usomwe kwenye kundi letu la simu asubuhi. Wamesema nigusie imani, tumaini na utumishi wa unyenyekevu. Nitayagusa yote matatu, ila kwa mpangilio wake, kama yalivyotokea. Anayetaka neno tamu tu anaweza kuishia hapa.

Mimi ni fundi cherehani. Kijiji chetu kiko Musoma Vijijini. Unapita Nyegina, unaendelea mpaka barabara inapoishia kwenye maji. Mume wangu, Baba Magesa, ni mtu wa Butiama, amekulia kwenye ng'ombe. Alinifuata huku kwetu akabaki, na ndugu zake mpaka leo wanamtania kwamba ameolewa na samaki.

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa katibu wa akina mama, na pia mkubwa wa kufua. Kila Jumamosi wanawake sita tuliingia ziwani na majoho ya kwaya, vitambaa vya meza na shuka za ubatizo. Karibu vyote nilivishona mwenyewe. Weupe wake ulisifiwa mpaka mjini. Wageni kutoka Mukendo, hukohuko mjini, walituuliza tunatumia dawa gani. Hatukuwa na dawa. Tulikuwa na sabuni ya mche, na ziwa. Mchungaji alipohubiri juu ya utumishi usiotafuta jina, alitutolea mfano sisi. Nilikuwa nainamisha kichwa watu wasione nilivyofurahi.

Niliyefua naye bega kwa bega ni Mama Nyasatu. Tulisoma darasa moja, tukaolewa mwaka mmoja. Yeye alisugua, mimi nilisuuza. Tulisimama palepale kila wiki, kando ya matete, kwa sababu hapo maji yametulia na hakuna mchanga wa kuchafua nguo.

Ugonjwa haukunijia kwa kishindo. Kwanza nilichoka. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani, mguu unagoma kukanyaga. Kisha chakula kikawa hakishuki; nikila vijiko vitatu vya ugali, nimeshiba. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kukawa na kitu kigumu kama jiwe la kusagia. Choo changu kikawa cheusi na cha kunata kama lami. Hilo la choo sikumwambia mtu. Tumbo likatokeza, lakini mikono ikakonda mpaka pete ikawa inadondoka kwenye maji ya sabuni.

Wenzangu waliona tumbo.

"Mama Magesa, hilo la nani tena?" Mama Nyasatu aliniuliza siku moja, tumeinama majini. "Na uzee huu, Baba Magesa bado yumo?"

"Yumo sana. Kamuulize."

"Nikamuulize mimi? Aje anichape na fimbo ya ng'ombe!"

Tulicheka mpaka tukatoka kukaa kwenye mawe. Nakumbuka alivyokaa, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili ili acheke vizuri. Lilikuwa kubwa kuliko langu. Nililiona, na sikusema neno.

Kabla ya hapo kilikuwa kimechimbwa kisima cha pampu karibu na shule. Masatu, mhudumu wetu wa afya wa kijiji, baba wa watoto wanne na mtu asiyejua kupaza sauti, alikuja kwenye mkutano wetu.

"Mama zangu, kwenye yale matete kuna konokono," alisema. "Wadudu wanatoka kwenye konokono, wanapita kwenye ngozi. Ni kichocho, kile cha tumbo. Kinakula ini polepole. Kisima kipo. Nawaomba mtoke humo majini."

Tulimsikiliza. Jumamosi mbili tukafua kisimani. Maji yake ni ya chumvi. Unasugua sabuni mpaka inaisha, povu hakuna. Vitambaa vilipokauka vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tukaitisha mkutano mwingine, na hapo mimi ndiye niliyesimama.

"Jamani," nilisema, "tumtolee Mungu kitambaa cha rangi ya chai?"

Wakacheka wote. Mama Nyasatu hakucheka.

"Mimi yale maji yananichosha," alisema. "Siku hizi nikitoka nawashwa mpaka mapajani. Hata nguvu sina. Nilikuwaga na nguvu mimi."

Nikamjibu mbele ya wote, "Kapumzike basi. Watumishi wapo."

Hakwenda kupumzika. Angekwendaje baada ya neno lile? Nikafungua daftari la kumbukumbu nikaandika: Kazi ya kufua itarudi ziwani. Daftari lipo. Mwandiko ni wangu.

Masatu hakukata tamaa. Alirudi na vidonge na ile fimbo yao ya kukupima urefu ili ujue utameza vingapi. Ilikuwa wiki ya maombi ya kufunga. Alituambia vidonge vinamezwa baada ya kula, vinginevyo vinakuzungusha kichwa na kukutapisha.

"Masatu, hatuli mpaka jioni," nilimwambia.

"Basi nije jioni, mama."

"Jioni tupo kwenye ibada. Njoo wiki ijayo."

Wiki iliyofuata vidonge vilikuwa vimekwisha. Watu wa vijiji jirani walivimeza. Sisi tulikuwa tumemaliza kufunga, tukawa na furaha.

Mama Nyasatu alitapika damu nyumbani kwake, akiwa anachambua dagaa. Gari lililombeba halikufika hata Nyegina. Wengine walisema ni vidonda vya tumbo. Wengine walisema ametupiwa kitu na jirani aliyegombana naye mpaka wa shamba, na yule jirani mpaka leo hasalimiwi. Tulimzika, tukaimba. Siku ya tatu, kama ilivyo desturi yetu, tukakusanya mablanketi na nguo za msiba tukaenda kuyafua. Tuliyafua ziwani, kando ya matete, mahali pake.

Wiki tatu baadaye ikawa zamu yangu. Sikuhisi maumivu. Nilihisi joto linapanda kifuani, mdomo ukajaa ladha ya chuma, na damu ikatoka mara moja, nyingi, na mabonge kama maini. Wenzangu walinivuta nchi kavu. Mmoja aliomba kwa sauti. Mwingine, Mungu ambariki, aliacha kuomba akakimbia kutafuta gari.

Hospitalini Musoma alinipokea daktari mwanamke. Alinibonyeza tumbo, akanitazama macho, kisha akauliza, "Mama, unaoga ziwani?"

"Siogagi. Ninafua."

"Tangu lini?"

"Nguo za kanisa, miaka kumi na miwili. Nyingine tangu utoto."

"Mmewahi kupewa vidonge vya kichocho?"

"Vililetwa. Tulikuwa tumefunga."

Hakunicheka wala hakunikaripia. Aliandika. Afadhali angenikaripia.

Damu ikahitajika. Wakaja shemeji zangu wanne kutoka Butiama, wanaume wanaolala na mikuki zizini, na wote wanaogopa sindano. Mkubwa wao alifumba macho akashika mkono wa nesi kama mtoto. Alipomaliza akaja kitandani.

"Shemeji, sasa una damu ya ng'ombe mwilini. Usituletee tena mambo ya samaki."

Nilicheka, na kucheka kuliniuma.

Wakanipeleka hospitali kubwa Mwanza. Bunda, njiani, sikuiona; niliambiwa baadaye kwamba tulisimama pale kwa sababu nilitapika tena. Mwanza walinipitisha mpira wenye kamera kooni. Ni kitu kibaya, unahisi unanyongwa huku unaambiwa utulie. Waliikuta mishipa ya koo la chakula imevimba kama minyoo, mmoja umepasuka. Wakaifunga kwa vipira vidogo. Daktari wa huko alinieleza taratibu: wadudu walitaga mayai ndani yangu miaka mingi, mayai yakaliwekea ini makovu, damu ikakosa njia, ikarudi nyuma, ikafura kwenye mishipa ya koo. Bandama nayo ikavimba. Hilo ndilo lile jiwe langu.

"Vidonge vitaua wadudu," alisema. "Makovu hayatoki. Kila baada ya miezi utarudi tuangalie mishipa."

"Rafiki yangu alikufa hivihivi," nilimwambia. "Wanasema amerogwa."

Akauliza, "Mlikuwa mnafua pamoja?"

Nililia hapo kwa mara ya kwanza.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kilo za msichana wa darasa la saba. Nilijifunza kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, kisha mpaka chooni, kisha mpaka kwenye cherehani. Baba Magesa alinipikia uji akaukosea, una mabonge, na niliunywa wote. Miezi ikapita. Choo kikarudi rangi yake. Siku niliyomaliza sahani ya ugali na sato, niliomba nikashindwa maneno. Nashukuru. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Sikustahili kurudi mimi, na nimerudi.

Jumapili ya shukrani nilipewa nafasi mbele. Nilikuwa nimejiandaa kusema habari za matete, daftari na vidonge. Nikaanza: "Mungu ameniponya." Ngoma zikalia. Vigelegele. Nikasubiri, nikaendelea, "Lakini yale maji..." Mchungaji akanishika bega, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hapa tunatoa ushuhuda. Somo la afya lina siku yake." Nikaketi. Kesho yake neno la asubuhi kwenye simu lilisema juu ya mtumishi aliyemwaga damu akiwa kazini mwa Bwana, na Bwana akamwinua. Amina zikamiminika. Hakuna aliyemtaja Mama Nyasatu, ambaye alimwaga damu ileile na hakuinuliwa.

Nikaenda kwenye mkutano wa akina mama. Niliwaambia kuna njia. Bati la kanisa halina mifereji. Tukiiweka na tanki, maji ya mvua yanatoa povu zuri kuliko hata ya ziwa. Nikawaambia nimeshona vitambaa vya buluu, visivyoonyesha madoa ya maji ya kisima, vya kutumia wakati tunasubiri. Nikawaambia Bwana alipowaosha wanafunzi miguu alitia maji kwenye beseni. Hakuwapeleka ziwani.

Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mke wa mchungaji akasema, bila ubaya wowote, "Mama Magesa, si ni wewe uliyetuambia habari za rangi ya chai?"

Suala la mifereji likawekwa kwenye maombi. Vitambaa vya buluu bado vimekunjwa juu ya cherehani yangu.

Wewe unayesoma, kama unaishi kando ya maji haya, nakuomba. Usisimame ziwani, hata kwa kazi nzuri, hata kwa kazi takatifu. Usijisaidie kwenye matete. Masatu akija, kula, umeze vidonge. Mungu hatakudai ile siku moja ya kufunga. Ukiona choo cheusi, sema, usione aibu kama mimi. Na mwenzako akisema amechoka, mwache apumzike, usimpige kwa neno la utumishi. Mimi nilidhani namtumikia Mungu. Sehemu kubwa nilitumikia weupe wa nguo nilizozishona mwenyewe.

Tumaini ninalo. Imani ninayo pia, ila siku hizi haipigi vigelegele.

Limebaki moja. Katika mkutano uleule wa mifereji, ili nafasi yangu isikae wazi, walimchagua binti yangu Nyanjura kuwa mkubwa wa kufua. Walidhani wananiheshimu. Nimemkataza. Nimemlilia. Baba yake amemfokea.

"Mama," ananijibu, huku anafunga kanga kiunoni, "wewe ulisimama pale miaka kumi na miwili, na Mungu akakurudisha. Mimi ataniacha?"

Kupona kwangu ndiko kunakomtia moyo.

Masatu alimletea vidonge wiki iliyopita, akamkuta amefunga kwa ajili ya mifereji. Masatu hakutaka vipelekwe tena vijiji jirani, kwa hiyo akaviacha kwangu, kwenye kikombe juu ya kabati. Leo ni Jumamosi. Beseni halipo mahali pake. Nimeangalia ndani ya kikombe kabla ya kukaa kuandika, na nimeangalia tena sasa. Vidonge vipo vyote.