Vitanda vya Ndani ya Basi

Zamani mtu akipanga safari ndefu alianza kwa kuuliza watu wake watalala wapi. Siku hizi anaanza kwa kuuliza kama njiani kuna mtandao.

Seremala aliyeitwa Taratibu alikuwa mtu wa zamani, na hakuona haya. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka kusubiri meza zao, naye akalipokea kama sifa. Binti yake, muuguzi, aliponunua basi kuukuu lililokuwa likibeba wanafunzi, akaling'oa viti na kuliegesha mbele ya karakana, Taratibu alilizunguka akiligonga ubavuni kwa vidole kama anayechagua tikiti.

"Tunaligeuza nyumba, baba," binti alisema. "Jiko nyuma ya dereva, vitanda huku mwisho. Likizo ikifika tunampeleka mama kwa dada yake. Sote."

Mama hakuwa ameonana na dada yake tangu alipoolewa, na sasa dada huyo alikuwa mgonjwa wa kitandani. Lakini neno lililomwingia Taratibu ni lile la mwisho. Binti alikuwa mtu wa zamu. Mkwe aliendesha malori na hakujua Jumapili. Mjukuu alikuwa bwenini. Hawakuwa wamelala chini ya paa moja tangu mtoto huyo alipokuwa wa kubebwa mgongoni.

"Vitanda niachieni mimi," alisema. "Msiniletee takataka za kukunjwa."

Mteja wa kitanda, kwa Taratibu, alipimwa akiwa amelala. Aliwalaza mmoja mmoja kwenye sakafu ya karakana, juu ya maranda, akawazungushia chaki.

"Zungusha vizuri," mkewe alimwambia kutoka chini. "Usije ukanipunguza kiuno."

"Kiuno hiki kitanimalizia chaki."

Mjukuu alicheka mpaka mstari wake ukapinda. "Tulia, mke mwenzangu," bibi alimkaripia, "mume wetu anafanya kazi."

Kisha kazi ikaanza, kwa mwendo wake. Likizo ilifika ikakuta miguu ya vitanda tu.

"Baba, piga misumari twende."

"Msumari ukitikiswa barabarani unalegea. Ulimi wa mbao ukishakaa kwenye tundu lake, basi lenyewe litaoza kitanda kikiwa kizima."

Alisema kweli, na likizo ikapita. Iliyofuata ilipita mbao zikikauka. Iliyofuata hiyo, gundi haikumridhisha. Yule dada akapiga simu, sauti yake nyembamba: "Mnakuja kunisalimia au kunizika? Niambieni nijue nivae nini."

Vitanda vilipokwisha, hata mkwe, asiye na maneno mengi, alipitisha kiganja juu yake, akarudia tena. Ilikuwa kesho ndiyo safari. Mjukuu alishuka kutoka shuleni, akapanda basini na begi lake, akajitupa kwenye kitanda chake. Miguu ikabaki nje, kuanzia vifundoni.

Hakuna aliyecheka. Taratibu, ambaye katika kila mlango aliacha upenyo mbao ivimbe wakati wa mvua, hakuwa ameacha upenyo mtoto arefuke.

Alikwenda kuchukua patasi. Upande mmoja kitanda kilibanwa na kabati, upande wa pili na tangi la maji, na vyote vilishikana kwa ndimi zake mwenyewe. Kukirefusha kimoja ni kuvibomoa vyote. Mkewe akaweka mkono juu ya patasi.

"Ukianza tena, dada yangu nitamkuta kaburini."

"Babu, nitajikunja," mjukuu alisema.

"Safari yote hii? Utafika umekuwa kama bawaba."

Kitanda kirefu kilikuwa kimoja tu, cha Taratibu mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, na goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki. Alihamisha mto wa mjukuu, akauweka pale.

"Mimi nabaki, kuna mlango wa mtu sijaumaliza," alisema.

"Mlango wa nani?" mkewe aliuliza.

"Wa mteja."

"Mteja gani huyo nisiyemjua mimi?"

Taratibu alitoa msasa mfukoni, akaanza kusugua ukingo wa kitanda kilichokuwa laini tayari. Mkewe alimtazama kidogo, kisha akaketi kando yake, akapangusa vumbi lililokuwa likimwangukia magotini.

Dada walimkuta hai. Bibi alibaki kumuuguza, na mvua za mwaka huo hazijaisha, bibi ndiye aliyetangulia kufa. Basi lilirudi bila yeye, likauzwa. Nasikia mwenye nalo ameng'oa vile vitanda, ameweka vya chuma. Kwa hiyo mara ya mwisho Taratibu kuwaona wote pamoja ni asubuhi ile ya kuondoka. Mkwe alikuwa kwenye usukani, binti akifunga milango ya kabati. Mlango wa nyuma ulikuwa bado wazi. Mjukuu amejinyoosha, miguu yote ndani, na bado pakabaki nafasi. Mkewe amejilaza kwenye chake kukijaribu, viatu mkononi.

"Kimenikaa," alisema.

"Hata kiuno?"

"Hata kiuno, mume wangu. Funga mlango, vumbi litaingia."

Akaufunga. Ulifungika vizuri, bila kelele.