Koti la Mtu wa Milimani

Bosi wangu wa duka la mabegi, pale Mchafukoge, aliuliza, "Likizo ya kutembea tu? Kwani nani kafa?" Nikamtupia funguo za duka mezani, nikatoka.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepanga mabegi yenye picha ya Wazungu wakipanda milima ya Alpi, miti imegeuka njano. Picha ile ilinirudisha alasiri moja ya utotoni, kwenye meza ya mitumba ya mama, Kariakoo. Makoti yalinuka dawa. Ndani ya mfuko mmoja nilikuta jani kavu, la njano.

"Mama, huyu alikuwa mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi! Hilo koti la mtu wa kupanda milima."

"Anafuata kuni?"

"Hafuati kitu. Anapanda, anashuka, anarudi kwao."

Mama alicheka, na mwenzake wa meza ya pili akacheka. Mimi nilimwonea huruma yule mtu. Niliamini alitumwa, akasahau alichotumwa.

Sasa najua alikuwa anapumzika. Mama hakuwahi, hata Jumapili.

Kesho yake baada ya kumtupia bosi funguo, nilikwenda ofisi ya Idara ya Kazi, nikaandika malalamiko: miaka mitatu sijapewa likizo. Kwenye sababu ya kuomba likizo nikajaza: kutembea milima ya Lushoto na binti yangu, siku saba.